Namba Niliyoificha Miaka Kumi na Mitatu

Richfield, Ijumaa alasiri

Kerubo mwanangu,

Wewe na mama yako mmetoka sasa hivi kwenda Roseville kutafuta shuka za kitanda chako cha chuo, na ninavyowajua, hamtarudi kabla ya saa moja jioni. Nimezima televisheni. Nimeketi mezani hapa jikoni na kalamu, kama mtu aliyeitwa kwenye mtihani. Kesho asubuhi nitakupeleka uwanja wa ndege na najua nitakachofanya: nitaongea habari za foleni na uzito wa mikoba mpaka mlangoni. Kwa hiyo acha niyaseme leo.

Sitakufundisha kufua wala kupika. Mama yako ameshakuandikia hayo, kurasa tatu, mbele na nyuma. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini hospitalini; nikikitumia kwako najisikia kama nakuita uketi kitini nikutoe damu. Wewe utanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yako, nami nitaelewa.

Nataka nikusimulie habari ya damu yako tangu mwanzo. Nyingi unazijua, lakini ulizipata kwangu vipande vipande, vingine kwa machozi, na sijawahi kukaa chini nikakueleza zote kwa utaratibu. Huko chuoni Atlanta watu watakuuliza kwa nini umeamua kusomea mambo ya jeni. Jibu lako unalo. Nataka uwe na langu pia.

Ulikuwa na miaka mitatu nilipopata kazi ya kutoa wagonjwa damu hospitalini. Kabla ya kuanza, waajiriwa wapya tulipimwa afya. Siku chache baadaye muuguzi mmoja akaniita pembeni, mama wa makamo, mpole, akanikabidhi karatasi.

"Seli zako nyeupe ziko chini ya kiwango," akaniambia. "Si jambo la dharura, lakini muone daktari wako."

Acha nikuambie nilichosikia mimi. Nilikulia Nyamira wakati Ukimwi unamaliza watu. Kwetu mtu akisema damu ya fulani imepungua nguvu, hakuna aliyeuliza zaidi. Watu waliinamisha macho tu. Nilitoka pale nikaendesha gari hadi kliniki moja katika mtaa wa Phillips, ambako niliamini sitakutana na Mkenya anayenijua, nikaomba kupimwa. Sikuwa na virusi. Niliposomewa majibu nilirudi garini nikaegemea usukani kushukuru Mungu, nikabonyeza honi bila kujua, mzee mmoja aliyekuwa akivuka akanitukana kwa lugha ambayo sikuielewa.

Ningeenda kwa daktari siku hiyo hiyo, mambo yote yangekuwa tofauti. Lakini niliikunja ile karatasi nikaitia kwenye bahasha ya cheti changu cha kuzaliwa. Sikumwambia mama yako, kwa sababu angeniuliza kwa nini nilienda kupimwa Ukimwi kwa siri. Sikumwambia daktari, kwa sababu niliogopa kazi itaniponyoka, na kazi yenyewe ndiyo kwanza nimeipata. Nilijiona mzima. Nikasema yamekwisha.

Ulipofika miaka mitano ukapimwa kabla ya kuanza shule. Daktari wa watoto akapiga simu: seli zako nyeupe, zile za kupambana na bakteria, zilikuwa chache. Wakarudia kipimo. Zikawa chache vile vile. Tukatumwa kwa daktari bingwa wa damu, mzungu mrefu aliyekuwa na vibandiko vya wanyama mfukoni. Alikupa cha twiga, ukakibandika kwenye paji la uso. Akatuketisha, akauliza mambo mengi, halafu akauliza hili:

"Kuna yeyote katika familia, upande wa baba au wa mama, aliyewahi kuambiwa ana seli nyeupe chache?"

Mama yako akasema hapana, na alikuwa anasema kweli. Daktari akanigeukia mimi.

"Hapana," nikasema.

Nilisema upesi, Kerubo. Nimelifikiria neno hilo kuliko neno lingine lolote nililowahi kutamka, pamoja na yale niliyotamka kanisani siku ya harusi. Daktari aliandika. Kwa kuwa hakuna mwingine mwenye hali hiyo, alieleza, ni lazima tutafute ugonjwa, pamoja na saratani ya damu. Na kulitafuta jambo hilo ni kuingiza sindano kwenye mfupa wa nyonga na kuchota uboho, ule ute wa ndani unakotengenezwa damu.

Mimi kazi yangu ni sindano. Siku hiyo niliambiwa niushike mkono wako. Walikupa dawa ya kukutia usingizi na hukusikia sindano ilipoingia, lakini ulipoamka ulikuwa na maumivu, na uliniangalia ukaniuliza, "Baba, nimefanya nini?" Ulidhani umeadhibiwa. Mama yako ndiye aliyekujibu. Mimi nilitoka kwenda kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Hawakupata saratani. Hawakupata ugonjwa wowote. Lakini namba ya seli zako ilibaki chini, na kwa kuwa hawakujua sababu, tukapewa masharti. Homa yoyote, hospitali mara moja. Tuepuke msongamano. Tuwe waangalifu na maji ya ziwani. Daktari alisema tuwe waangalifu. Mimi ndiye niliyegeuza kila uangalifu kuwa marufuku. Wenzako wakienda ziwani wewe ulibaki kwenye blanketi na viatu miguuni. Hukulala kwa rafiki hata usiku mmoja. Nilikuwa nikipiga simu shuleni kuuliza nani anakohoa. Mama yako aliniambia mara nyingi, "Huyu mtoto anakula, anakimbia, hajalazwa hata mara moja kwa kuumwa kweli. Unalinda nini?" Nikamjibu kwamba mimi nafanya kazi hospitalini na yeye haelewi. Nilimwambia hivyo mwanamke anayehudumia wazee wagonjwa kila siku ya Mungu.

Kisha lile la nyanya yako. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yangu alikuwa amezeeka, alitaka kukuona kwa macho na si kwenye simu. Alishatandika kitanda, akaweka blanketi jipya, akawa anawaonyesha majirani kitanda cha mjukuu wa Marekani. Nikakataa. Nilimwambia damu yako haiwezi kuhimili safari. Akasema kwenye simu, "Damu ya huyo mtoto imetoka wapi, mwanangu? Si hapa?"

Nilimkatiza. Mama yako alikwenda peke yake, na mwaka uliofuata nyanya akafariki kwa uzee. Alikuwa ameuliza swali ambalo madaktari wawili, maabara nzima na mtoto wake mwenye cheti hawakuliuliza vizuri, nami nilimjibu kana kwamba hajui kitu. Hilo nalibeba. Sikuambii ili unionee huruma. Nakuambia kwa sababu utakutana na watu ambao hawana maneno ya kitabuni lakini wanauliza swali lenyewe, na ningependa uwasikie kuliko nilivyosikia mimi.

Sasa wewe. Miaka kumi na sita, mwalimu wa bayolojia amewapa kazi ya kuchora ukoo na kufuatilia kitu kimoja kinachorithiwa. Wenzako walichagua rangi ya macho. Wewe ukachagua seli zako nyeupe. Uliniuliza nikiwa naosha vyombo hapa hapa.

"Baba, namba yako ni ngapi?"

"Sijui."

"Unatoa watu damu kutwa nzima na hujui yako?"

"Sijawahi kuihitaji."

Ukaniambia umeshamuuliza mama na amekuonyesha majibu ya kipimo chake cha mwaka huo, na namba yake pia ilikuwa chini kidogo, ingawa hakuna aliyemwambia. Ulimpigia shangazi Moraa kule Nyamira. Aliwahi kuambiwa hivyo hivyo kabla ya upasuaji. Uliongea polepole, ukiangalia daftari lako. "Kama sote tuko chini," ukasema, "na hakuna anayeumwa, basi labda hatuko chini. Labda kipimo ndicho kinachotusoma vibaya."

Nilikausha sahani moja mpaka ikakaribia kuchubuka.

Asubuhi ya pili nilikuwa nakupeleka shule, theluji inaanguka. Nilishindwa. Niliingia kituo cha mafuta nikazima gari, nikakuambia yote: muuguzi, karatasi, Phillips, na lile hapana. Nilidhani utapiga kelele. Uliangalia mbele, kioo kinajaa theluji, ukasema maneno manne.

"Nilitobolewa mfupa mimi, Baba."

Hukusema nami siku nane. Nilistahili zaidi. Mama yako naye alikuwa na siku zake za kunikasirikia, hizo hatukuzihesabu mbele yako. Siku ya tisa ulikuja ukasimama mbele yangu, umevaa koti.

"Jumanne saa tisa tuna miadi kwa daktari wa damu. Sisi watatu. Uje na ile karatasi."

Ulikuwa umepiga simu mwenyewe. Miaka kumi na sita! Ulibishana na mtu wa mapokezi mpaka akakubali kutuona pamoja. Mwanangu, nimepata furaha nyingi katika nchi hii, lakini sijawahi kujivuna kimya kimya kama nilivyojivuna pale nikiwa bado na hatia yangu yote kifuani. Uliyetendewa kosa ndiwe uliyetafuta dawa yake.

Daktari safari hii alikuwa mwanamke kijana. Alifungua faili lako akauliza swali lile lile la zamani, na kabla hajamaliza niliweka karatasi mezani. Ilikuwa imekatika kwenye mikunjo. Aliisoma, akaiangalia tarehe, akaniangalia mimi. Akaagiza kipimo ambacho mimi, mtoa damu wa miaka mingi, sikuwahi kukifikiria: kipimo cha kundi la damu liitwalo Duffy. Tulidhani makundi ya damu ni yale A na B na O tu. Kumbe kuna mengine.

Majibu yalipotoka tulikuwa sawa sote watatu. Unakumbuka alivyotueleza? Alichora duara kwenye karatasi. Kuna alama fulani ambayo watu wengi duniani wanayo juu ya seli zao nyekundu, na ambayo watu wengi wenye asili ya Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara, hawana. Aina moja ya malaria hutumia alama hiyo kama mlango; kwetu mlango haupo. Wale waliokosa mlango waliishi, wakazaa, nasi tukatoka kwao. Na mwenye damu ya namna hii huwa na seli nyeupe chache zaidi zinazozunguka kwenye mishipa, lakini si kwamba hana kinga. Zinapohitajika, zipo. Viwango vilivyoandikwa kwenye karatasi zetu vilipatikana kwa kupima zaidi watu wenye asili ya Ulaya.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?" ukamuuliza.

"Huna ugonjwa," akasema. "Hiyo ndiyo namba yako ya kawaida. Ukipata homa, fanya kama mtu mwingine yeyote."

Ukaomba kile kimchoro chake. Mama yako alilia. Mimi niliangalia viatu vyangu, nikasikia sauti ya mama yangu kwenye simu, ikiuliza imetoka wapi.

Kiangazi hicho ulijifunza kuogelea. Ulikuwa bwawani na watoto wa miaka sita, wewe mrefu kama mwalimu, umeshika ubao wa kuelea, unapiga miguu, maji yanawarukia wote. Nilikaa pembeni na taulo. Wazazi wengine waliniuliza wa kwangu ni yupi. Nikaonyesha. Sikuona haya hata kidogo.

Lakini siku ninayotaka uichukue kama zawadi yangu kwako ni ile Jumapili kanisani, baada ya ibada, watu wana chai na mandazi ukumbini. Mchungaji alikuomba ueleze kidogo. Ulisimama na Kiswahili chako kile kinachochechemea, ukajikwaa kwenye neno uboho, ukasema ubongo, watu wakacheka, ukacheka nao ukaendelea. Mzee Nyakundi akanyoosha mkono.

"Sasa binti, unatuambia sisi ni wagonjwa ama wazima?"

"Wazima, mzee. Lakini si kila mwenye namba ya chini ni wa hivi. Wengine wanaumwa kweli. Kwa hiyo usijiamulie mwenyewe. Muulize daktari kipimo hiki, na umwambie habari za familia yako. Zote."

Uliposema zote hukuniangalia. Niliona kwamba umefanya makusudi kutoniangalia, na hiyo ilikuwa heshima ambayo sikukuomba.

Mama Bosire alikufuata jikoni. Alikuwa kwenye matibabu ya saratani ya titi, na kila mara dozi ilikuwa inaahirishwa kwa sababu seli zake nyeupe hazijafika kiwango. Alikuwa ameanza kusema hadharani kwamba Mungu amekataa. Ulikaa naye juu ya kreti za soda ukamwandikia jina la kipimo kwa herufi kubwa. Alilipeleka. Daktari wake alimpima, akatafuta majibu yake ya miaka ya nyuma alipokuwa mzima, akaona namba yake haijawahi kuwa juu. Wakabadilisha mpango wake. Alimaliza matibabu msimu wa kuchipua, na leo jioni anakuja hapa na chapati zako za kuagana. Usijifanye huna njaa.

Sijui kama umeelewa ulichofanya. Mimi niliishika habari hiyo miaka kumi na mitatu, ikaumiza watu. Wewe uliishika miezi michache, mama wa watu akapata matibabu yake kwa wakati. Damu ni ile ile.

Kazi unayoitaka, ya kukaa na familia na kuwaeleza kilichomo ndani ya jeni zao, itakukutanisha na akina mimi wengi. Watakuambia hapana. Huenda mke yuko kando, au bosi yuko akilini, au kuna kaburi nyumbani ambalo hakuna aliyetaja kilichomuua aliyelala humo. Mtu akikujibu upesi mno, usimkasirikie. Tafuta namna ya kumuuliza tena akiwa peke yake. Nimejiuliza mara nyingi: yule mzungu mrefu angenifuata nilipoenda kutafuta maji, akaniuliza pale kwenye korido, tukiwa wawili tu, ningesema? Nadhani ningesema. Sina hakika. Lakini wewe mfuate.

Kuna jambo jipya, na nalitaja sasa kwa sababu hujaliuliza. Wiki tatu zilizopita presha yangu ilikutwa juu. Walirudia, ikawa juu tena. Nimemwona daktari, nimeanza kidonge kimoja kila asubuhi, nimepunguza chumvi, na mama yako alijua siku ile ile, nilimpigia nikiwa bado kwenye maegesho. Nilimweleza daktari pia habari ya baba yangu, babu yako, aliyeanguka shambani mdomo ukaenda upande, na watu wakasema amerogwa. Tangu utoto wangu nilikuwa nasema alikufa tu. Safari hii nilisema mdomo ulikwenda upande. Daktari aliandika kiharusi, huenda. Usibadilishe safari. Niko salama, naangaliwa. Lakini ni baba yako, na hii ni damu yako, na una haki ya kujua kabla hujapanda ndege na si baada ya miaka kumi na mitatu.

Nasikia gari. Mama yako anacheka kwa sauti. Bila shaka mmenunua mito mingi kuliko kitanda. Nitaiweka barua hii juu ya mkoba wako wa mgongoni, uisome usiku huu kabla hujalala.

Huko unakokwenda utapewa fomu, na watakuuliza baba yako ana ugonjwa gani, na babu yako, na nyanya yako. Jaza kila mstari, Kerubo. Hakuna hata mmoja ambao sijakuambia.

Baba yako,
ambaye kesho mlangoni atafuta machozi na kusema ni mafua tu